Jalada la Fundi Waridi

Nimeingia karakana za wajalidi, mafundi wa majalada ya vitabu, katika miji mingi, na kila nilikoingia nimekuta vitu viwili visivyobadilika: harufu ya gundi ya wanga iliyoanza kuchachuka, na tusi moja. Maneno ya tusi hilo hubadilika kutoka lugha hadi lugha, maana yake ni ile ile. Ukitaka mjalidi akurushie mkasi, mwambie kwamba yeye ni mtu wa kukata kitabu kilingane na jalada.

Jalada ndilo hukatwa kulingana na kitabu. Kitabu ni mwili, jalada ni nguo. Mshonaji akikosea vipimo hamkati mteja mabega.

Mwanamke ninayemsimulia alilisikia tusi hilo kabla hajajua kusoma, na alilisikia likielekezwa kwa baba yake. Mtaani kwao lilikuwa limeshakuwa jina. Baba aliitwa Mkata Aya. Watoto wadogo walimwamkia, "Shikamoo, Mzee Mkata Aya," kwa adabu zote, kwa kuwa hawakujua kwamba wanamtukana. Shuleni walijua. "Binti Mkata Aya, hebu niazime mkasi. Au uko nyumbani, unatumika?"

Leo ni mtu mzima, ana miwani mbili, moja ya barabarani na moja ya kazi, na anatengeneza vitabu vikongwe katika chumba cha chini cha jumba la makumbusho. Wenzake wanamwita Sindano. Wengine wanasema ni kwa sababu anashona. Wengine wanasema si kwa sababu anashona.

Kitabu chenyewe alinionyesha mwenyewe, baada ya kuniamuru nivue saa na pete. Ni juzuu moja ya msahafu, iliyoandikwa katika zama ambazo mwandishi alipika wino wake mwenyewe. Ukurasa una mistari mitano tu. Herufi ni nene, za rangi ya kahawia iliyokolea, zimekaa kwenye karatasi kama watu wazito wasio na haraka. Kila aya kumi zinapotimia, pambizoni pamechorwa duara la dhahabu, kubwa kama kifuniko cha chupa, limezungushiwa buluu na majani madogo mekundu, na mchoraji hakurudia duara hata moja. Lakini hakuna duara lililo zima. Ukingo wa nje wa kurasa umekatwa, na kisu kimepita katikati ya dhahabu. Unafunua ukurasa baada ya ukurasa na kila mwezi mpevu umekuwa nusu.

"Hapo," aliniambia Sindano, bila kugusa. "Hapo ndipo alipokufa baba yangu. Alichelewa kuzikwa tu."

*

Baba yake alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, karakana moja. Kaka alishona, mdogo alipamba. Huyo mdogo alikuwa na mkono mzuri, na alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Alijichongea chapa ya shaba yenye waridi la petali saba, akawa anaipasha moto na kuigandamiza kwenye ngozi ya kila jalada alilomaliza. Chapa hiyo aliivaa shingoni kwa uzi, hata akienda kuoga. "Hii haijaguswa na mkono mwingine," alipenda kuwaambia wateja. "Hata kaka yangu hajaishika." Ilikuwa kweli. Watu wakamwita Fundi Waridi, naye akaitika.

Siku moja mtunza maktaba, kijana mwembamba aliyetembea na mwavuli hata siku za jua, aliwaletea ile juzuu. Jalada lake la zamani lilikuwa limeliwa na wadudu na uzi umeoza. Kaka akaifumua, akaishona upya, akaifunga kwenye mashine ya kubana ipate kutulia. Ikiwa humo, habari ikaja kwamba baba mkwe wake amefariki. Akafunga safari kwenda mazishini, akamwachia mdogo kazi ya jalada.

Mdogo alikuwa ameshalianza, na alikuwa ameshakosea. Badala ya kupima kurasa, alipima jalada la zamani. Ngozi ikizeeka hujikunja kama mdomo wa bibi asiye na meno, na kila mwanafunzi wa ujalidi huambiwa hivyo siku ya kwanza. Lakini vipimo vya jalada la zamani vilikuwa vyepesi kuchukua, na yeye alikuwa na haraka ya kufika kwenye mapambo. Alitumia ngozi yote nzuri iliyokuwepo, nyekundu, laini, akapiga waridi kwenye pembe zote nne kwa nje. Kazi ilikuwa nzuri, hata Sindano hakatai. Kisha akakitoa kitabu kwenye mashine, akakiweka juu ya jalada, kikazidi kwa upana wa kidole.

Fundi mwingine angelia, halafu angeanza upya. Yeye alitazama mawaridi yake, akakitazama kitabu, akachukua kisu cha kupunguzia kingo.

Kaka aliporudi alikuta mtunza maktaba yuko mlangoni na mwavuli wake. Kitabu kikafunguliwa mbele ya wote watatu.

"Nani kakata?" mtunza maktaba aliuliza.

Kaka akamtazama mdogo wake. Mdogo akaitazama sakafu. Basi kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa na karakana ilikuwa ya jina lake, akasema, "Kazi imetoka kwangu. Nilaumuni mimi." Alidhani anampa mdogo wake nafasi ya kusema, "Hapana, kaka, ni mimi." Mdogo aliipokea nafasi hiyo, akaikalia.

"Na vipande viko wapi?" mtunza maktaba aliuliza tena. Karatasi ya msahafu haitupwi na takataka. Huzikwa, au huwekwa pahali pa heshima, na kila mtu aliyewahi kushika msahafu anajua.

Hapo mdogo akapata ulimi. "Mimi sijaviona. Kaka alikata kabla hajasafiri. Pengine kavichoma na makaratasi mengine."

Kukata kitabu ni ufundi mbovu. Kuchoma vipande vya msahafu na takataka za karakana ni jambo ambalo watu hawamsamehei mtu. Kaka alisema hakuchoma, lakini alikuwa ameshasema kazi ni yake, na aliyekubali nusu ya kosa huuziwa nusu ya pili bila kuulizwa. Jina la Mkata Aya lilizaliwa jioni ile ile, na kesho yake lilikuwa limeshajua kutembea.

*

Misahafu iliacha kuja kwanza. Kisha vitabu vya dua, kisha vya shule. Mwisho baba alikuwa anashona mikono ya mikoba na kubandika soli za viatu, akikalia meza ile ile iliyotazama dirishani. Ng'ambo ya barabara, Fundi Waridi alifungua duka lake, lenye bango la waridi jekundu la petali saba, na chini yake maneno: Kazi njema haifichiki. Baba akiinua macho kutoka kwenye kiatu, alisoma hayo.

Na ng'ambo ile hadithi iliendelea kunona. Wateja walisimuliwa jinsi kaka mtu alivyoiharibu juzuu ya thamani, na jinsi mdogo mtu, kwa uchungu, alivyoitengenezea jalada la kuisitiri. "Lau si jalada langu," Fundi Waridi alisema, "kitabu kile kingekuwa mavumbi." Baada ya miaka kadhaa, nadhani, aliiamini mwenyewe. Nimekutana na waongo wa kila lugha, na walio hatari ni hao wanaotokwa na machozi ya kweli.

Baba alilizungumza jambo hilo na binti yake mara moja tu. Alikuwa mgonjwa tayari. "Sikukata," alisema. "Na yeye hakuchoma. Namjua. Tumelelewa na mama mmoja, mkono wake usingeweza. Mimi nilitafuta karakana nzima, hadi chini ya sakafu. Viko mahali."

Huo ndio urithi alioachiwa: maneno mawili, viko mahali.

Makaburini, mtu aliyetaka kuwasaidia waliotoka mbali alitangaza kwa sauti kwamba anayezikwa ni fulani, "mnayemfahamu kwa jina la Mkata Aya." Watu wakaguna kwa kutambua. Fundi Waridi alikuwa mstari wa mbele, analia kuliko wote. Sindano, msichana wa shule, alimtazama baba yake mdogo akijipangusa kwa leso iliyotariziwa waridi, na akaacha kulia. Anasema machozi yalikauka kama bomba lililofungwa, na hadi leo hajafungua.

"Mwachie Mungu," mama yake alimwambia jioni.

"Nimemwachia mengi, mama. Hili dogo nitalibeba mwenyewe."

Akalibeba. Alisomea kutengeneza vitabu vikongwe, akavuka mipaka kusomea zaidi, akajifunza lugha za watu wenye baridi na kula vyakula visivyo na ladha. Alipewa kazi nzuri huko, akaikataa. Walimu wake walidhani ni mapenzi ya kwao yaliyomrudisha. Maktaba ile ya zamani ilikuwa imefungwa, na vitabu vyake vyote vimekabidhiwa jumba la makumbusho. Alikuwa anafuata kitabu kimoja.

Wiki aliyoanza kazi aliitoa juzuu kabatini, akalifunga jalada, akaweka taa chini kabisa, pembeni, mwanga upite juu ya ngozi kama jua la asubuhi linavyopita juu ya tuta. Kwa nje palikuwa sawa. Akageuza ndani, pale karatasi moja nene ya kijani inapofunika jalada lote, yenye waridi lile lile kila pembe. Chini ya ile karatasi palikuwa na matuta, membamba, yamelala ubavu kwa ubavu. Hata kile kipande kinachokunjwa kufunika ukingo wa kitabu, ambacho wajalidi hukiita ulimi, kilikuwa kimenenepa.

Akazima taa. Akarudisha juzuu kabatini, akaenda kunywa chai.

Nilimuuliza kwa nini hakubandua siku ile ile. Akanitazama kama nilivyotazamwa na mabibi wengi nilipouliza bei kabla ya kusalimia. "Katika kazi hii hufungui kisicho na ugonjwa," alisema. "Na ningebandua peke yangu, wangesema nimeviweka mimi. Nilitaka aniombe mwenyewe."

Akasubiri. Wahenga walisema subira huvuta heri. Ya kwake ilikuwa inanoa kisu.

*

Mwaka jana makumbusho waliamua kuandaa maonyesho ya vitabu vikongwe, na juzuu ile ikachaguliwa kuwa bibi harusi. Mkurugenzi, mtu mpole mwenye tabia ya kufuta meza ambayo ni safi, alimwalika Fundi Waridi awe mgeni rasmi, kwa kuwa ndiye mjalidi mkongwe kuliko wote mjini. Siku chache kabla, mzee akaja kukagua.

Alishuka ngazi polepole, kanzu nyeupe, chapa bado shingoni. Sindano akasimama.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Huku chini mnaishi kama panya. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mwambie nitakuja kumwona." Alikuwa anasema hivyo tangu mazishi. Akaiona juzuu mezani, kurasa zimefunguliwa kwenye mto wake. "Na jalada langu liko wapi?"

Mkurugenzi akaeleza kwa upole kwamba kurasa ni za kale sana, ila jalada ni la juzi juzi tu, basi wamelivua na kuonelea libaki stoo.

"Stoo?" Mzee alicheka kidogo. "Mheshimiwa, umeoa mke ukaziacha nguo zake kwao? Lau si jalada hilo usingekuwa na cha kuonyesha. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikiharibu. Mimi nikakisitiri. Watu wote wanajua." Akamgeukia Sindano. "Au unaona aibu, mwanangu? Usione. Mtoto hachagui baba."

Sindano alikuwa ameshika mfupa wa kukunjia karatasi. Aliuweka mezani, ukiwa umenyooka sawasawa na ukingo wa meza.

"Sioni aibu, baba mdogo. Unataka lionyeshwe?"

"Katikati. Mbele."

"Upande wa nje tu?"

"Nje na ndani. Waridi langu liko kote, na la ndani ndilo gumu kupiga. Vijana wa leo hawawezi."

"Karatasi ya ndani imeanza kuinuka pembeni. Gundi imechoka. Itabidi niibandue kidogo, niisafishe chini yake. Au iachwe?"

Anasema alimwangalia shingoni, kwenye mshipa. Kwa kitambo kisichofika pumzi moja aliona mzee anajaribu kukumbuka kitu, kama mtu aliyefika sokoni akasahau alichotumwa. Kisha fahari ikapita mbele ya kumbukumbu ikafunga mlango. Alikuwa ameisimulia hadithi yake mara nyingi mno. Ile ya kweli alikuwa ameshaizika, na kaburi lenyewe hakumbuki lilipo.

"Bandua, safisha, fanya unavyojua. Ila waridi lisiguswe. Chapa hii haijashikwa na mkono mwingine, unasikia? Hakuna anayeweza kukupigia jingine."

"Nimesikia, baba mdogo. Na Mkurugenzi amesikia."

"Nimesikia," alisema Mkurugenzi, akafuta meza.

Walibandua asubuhi iliyofuata, Sindano na Mkurugenzi, na mpiga picha wa makumbusho akiwa amesimama juu ya kiti. Sindano alilainisha gundi kwa unyevu, akangoja, akaingiza mfupa. Karatasi ya kijani iliinuka nzima, na mawaridi yake manne. Chini yake dhahabu ilikuwa haijaona mwanga tangu yeye hajazaliwa, ilikuwa inawaka kama ya jana.

Vipande vilikuwa vimelazwa kimoja kando ya kingine, kwenye mbao zote mbili na kwenye ulimi. Nusu za maduara, zote. Na kilichomchoma Sindano, aliniambia, ni unadhifu wake. Hakuna kipande kilichopandana na kingine juu ya dhahabu. Hakuna kilichowekwa kichwa chini. Gundi imepakwa nyuma tu. Mtu yule alikaa karakanani, kaka yake yuko njiani anarudi kutoka mazishini, akavipanga kwa heshima na kwa mikono safi. Hakuthubutu kuvitupa, hakuthubutu kuvichoma, hakuthubutu kuvipeleka vizikwe maana mzikaji angeuliza. Akavitia ndani ya nguo ya kitabu chenyewe, akafunika, akapiga waridi.

"Alimwogopa Mungu kwa makaratasi," Sindano alisema. "Kwa kaka yake hakumwogopa."

Alichukua kipande cha kwanza kwa kibanio, akakisogeza kwenye ukurasa. Nusu ikakutana na nusu. Mpiga picha akashuka kwenye kiti bila kuambiwa.

"Huyu ni ami yako," alisema Mkurugenzi. "Na ni mgeni rasmi. Tunaweza kuonyesha kurasa tu, hili likaja baadaye, taratibu."

"Mlishuka huku nyote wawili, mkaniagiza nje na ndani."

"Kibandiko cha maelezo hakitataja mtu."

"Usitaje. Andika vilipatikana chini ya karatasi hii, na karatasi iwe pale, na mawaridi yake." Akavua miwani ya kazi. "Mji mzima unalijua lile waridi."

Mkurugenzi akaifuta meza mara mbili, kisha akakubali, kwa kuwa makumbusho yanayoficha kilichopatikana ni ghala tu, na mtu yule alikuwa mpole lakini si mwongo.

Sindano alimwogopa mtu mmoja tu, mama yake. Alikwenda kwake saa za alasiri, akamkuta anachambua mchele, akamwambia yote. Mama aliendelea kuchambua. Miaka yote hiyo alikuwa akisema mwachie Mungu, na Sindano alijiandaa kulisikia tena.

Mama akasukuma ungo pembeni. "Siku yenyewe ni lini?"

"Alhamisi."

"Nitakaa wapi?"

"Popote utakapo, mama."

"Mbele," alisema mama. "Na nitafutie mtu anipigie pasi lile gauni la zambarau. Sitaki kwenda nimejikunja."

*

Alhamisi ile nilikuwepo, nimesimama nyuma karibu na mlango, mahali ninapopenda kusimama katika nchi yoyote. Ukumbi ulijaa. Kwenye viti vya mbele walikaa wakubwa, na katikati yao mama mmoja wa gauni la zambarau, mikono juu ya mapaja. Karibu naye mzee mwembamba, mwavuli kati ya magoti. Sindano ndiye aliyemtafuta mtunza maktaba, akamkuta yu hai, akamletea gari.

Fundi Waridi alizungumza vizuri. Sauti yake ilikuwa na chumvi na sukari kwa vipimo vyake. Akasimulia kitabu kilivyokuja karakanani, kosa la marehemu kaka yake, "sisi binadamu ni wa kukosea," na vile vipande vilivyochomwa. Hapo alipangusa jicho. Akasema jalada lake ndilo lililokisitiri, na leo, baada ya miaka mingi, watu watamwona alivyofanya kazi, nje na ndani. Akashika kitambaa kilichofunika kioo, akakivuta.

Kwenye kioo juzuu ilikuwa imefunguliwa. Upande mmoja wake karatasi ya kijani imelazwa, mawaridi manne yakitazama juu. Upande wa pili mbao za jalada, wazi, na vipande vimo kama alivyovipanga. Vichache Sindano alikuwa amevisogeza kando ya ukurasa wake, bila kuvigandisha, kila nusu ikiangaliana na nusu yake.

Mzee alikuwa anawaangalia watu, anangoja makofi. Watu walikuwa wanaangalia kioo. Walio mbele walisoma kibandiko, wakageuza vichwa, wakayatazama mawaridi, kisha wakaitazama ile shaba iliyoning'inia kifuani kwake. Niliona ukimya ukitoka kiti cha mbele kwenda nyuma, mstari kwa mstari, kama maji yanavyopanda ngazi.

Ndipo akageuka akaona.

"Hivi," alisema. Akajaribu tena. "Hivi alivitia kaka."

Mtunza maktaba aliinuka kwa msaada wa mwavuli. Alikwenda hadi kwenye kioo, akainama, akakaa hivyo kwa muda. "Chini ya waridi lako?" aliuliza, bila kunyanyua sauti. "Alikuibia chapa, au ulimwazima wewe?"

Mzee akaishika shaba. Alikuwa ameiambia dunia nzima, maisha yake yote, kwamba haijaguswa na mkono mwingine. Nimeona watu wakinaswa kwa mitego mingi. Huyu alinaswa kwa uzi wa shingo yake mwenyewe.

"Niliapa kwa watu kwamba amevichoma," mtunza maktaba alisema, sasa akiliambia gauni la zambarau. "Mimi ndiye niliyemwita lile jina kwanza. Shemeji, mimi."

"Najua," mama alisema. "Leo utalirudisha kwa mwenyewe." Akajiweka sawa kwenye kiti, akamtazama shemeji yake aliyesimama jukwaani. Hakuwa na haraka. "Shikamoo," alimwambia, kwa adabu zote. "Shikamoo, Mzee Mkata Aya."

Mahali fulani nyuma yangu mtu alicheka kwa pua. Jina lilikuwa limeshahama nyumba. Nililisikia likipita mlangoni kwenda nje kabla watu wenyewe hawajatoka.

Mzee alishuka jukwaani akimtafuta mtu mmoja tu. Alimkuta Sindano ukutani, mikono nyuma.

"Umenifanyia nini, mwanangu?"

"Ulichoniagiza, baba mdogo. Nje na ndani. Na waridi sikuligusa."

Hakumpa kiti. Palikuwa na kiti kitupu ubavuni pake, na mzee alikuwa ameegemea ukuta, na wengi waliokuwepo waliliona hilo na hawakulipenda. Nilimuuliza baadaye. "Baba alikaa kwenye kiti miaka yote akisoma bango la mwenzake," alisema. "Yeye asimame kidogo."

Maonyesho yalikuwa ya mwezi mmoja. Sindano aliomba kioo kile kibaki, na kimebaki. Vipande havitagandishwa kwenye kurasa; katika kazi yake hairuhusiwi, kilichokatwa kimekatwa. Bango la ng'ambo ya barabara limeteremshwa, na pale ukutani pamebaki duara jeupe pasipopigwa jua. Mwezi uliopita mama mdogo, mke wa mzee, alikuja makumbusho akashuka zile ngazi, akasimama mlangoni amejitanda hadi machoni. Alisema mume wake halali, watoto wanamwamkia barabarani kwa lile jina, wengine hawajui hata kama wanamtukana. Anaomba jalada lirudi stoo. Hilo tu.

Sindano alimpa maji, akamuuliza hali za watoto, akamsindikiza hadi ngazini akimshika mkono, maana mama huyo hakumkosea kitu.

"Nimwambie nini?" mama mdogo aliuliza.

"Mwambie kazi njema haifichiki."

Akarudi ndani, akavaa miwani yake ya kazi.